Yona, Lile Jeneza Lilikuwa la Kuazima

Yona,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na hapo hapo nimeshakwama. Basi nianze na yangu. Mimi ni mzima, steshenari bado ipo, printa bado inatafuna karatasi za watu, na jana nimemwonyesha mama yako ile muvi yetu.

Najua ungeruka. Miaka miwili yote ulikuwa unaificha, ukizima simu kila mama akiingia jikoni, kwa sababu alishakwambia wazi kwamba mambo ya mashetani hayakanyagi kwenye nyumba yake, nyumba inayosali kila jioni. Na mimi nilikuahidi sitamwonyesha. Nimevunja ahadi. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kununa, nuna.

Tangu tukuzike kuna maneno yanazunguka huku. Yalianzia msibani. Fundi Daudi wa majeneza alipopata habari kwamba pikipiki yako imeteleza kwenye kona za Soni, na kwamba hukuwahi kufika hospitali, hakuja nyumbani kuulizia vipimo. Alisema vipimo vyako anavijua tangu siku ile alipotuazima jeneza la muvi. Alisema huku machozi yanamtoka, masikini, hakuwa na ubaya wowote. Lakini akina mama waliokuwa wanamenya viazi walisikia, na kabla hatujatoka makaburini ilikuwa imeshakuwa habari nyingine kabisa: Yona alijilaza kwenye jeneza akiwa mzima, akakiita kifo kwa mchezo, kikaitika.

Siku ya kuondoa tanga mama akaniita pembeni, karibu na banda la ng'ombe. Akaniuliza, "Naomi, ni kweli mwanangu alilala kwenye jeneza?" Nikasema ni kweli, mama. Akauliza, "Nani alimwambia alale?"

Nilinyamaza. Yona, nilinyamaza kama mtu aliyeibiwa sauti. Mama alidhani nalia, akanishika bega.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Niliyaamini yale maneno. Mimi, Naomi, mwenye kompyuta mbili na cheti cha chuo, mimi niliyekuwa nawacheka wanaoogopa bundi. Nilikuwa naamka asubuhi nikiiona picha ile ile: wewe umesimama na magamba ya unga usoni, unaniuliza, "Nilale kweli?" na mimi nakujibu, "Lala, acha uoga." Mvua ilikuwa inakaribia na nilitaka tumalize kabla simu haijaisha chaji. Ndiyo sababu yote. Chaji.

Unakumbuka tulivyoanza ugonjwa huu? Banda la video nyuma ya soko, mabenchi ya mbao, baridi inapenya kwenye mabati. Wenzetu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ngumi. Sisi tulikuwa tunasubiri zile za kutisha, tena zile mbovu, zilizotengenezwa na watu ambao ni wazi hawakuwa na kitu zaidi ya kamera na shangazi mmoja mwenye shuka jeupe. Shetani ana zipu mgongoni. Joka linaburutwa kwa waya na waya unaonekana. Mtu anauawa mwanzoni, halafu baadaye anaonekana kwa nyuma anapeleka chai, amevaa wigi. Wewe ndiye uliyekuwa unaona mambo hayo kabla ya wote. Ulikuwa unasimama kwenye benchi unapiga kelele, "Saa! Angalieni mfu ana saa ya mkononi!" na banda zima linaangua kicheko, hata wale waliokuwa wameshajificha nyuma ya migongo ya kaka zao.

Watu waliuliza tunapenda nini kwenye uchafu ule. Mimi nilikuwa najibu kwamba zinachekesha, basi. Wewe ulikuwa na jibu lako. Baba yako alikuwa amefariki mwaka ule, ulikuwa na miaka kumi, na ulikuwa huzimi taa. Uliniambia tukipanda kurudi nyumbani, "Kama kifo chenyewe ndiyo kile chenye saa, mbona tutakiweza." Ukalala vizuri wiki nzima. Mama yako alidhani ni maombi ya mchungaji.

Kwa hiyo tulipokuwa wakubwa na mimi nikapata simu yenye kamera ya maana, ilikuwa lazima tutengeneze ya kwetu. *Mfu wa Shamba la Kabichi*. Ukungu wa Lushoto tuliutumia kama moshi, wa bure kutoka kwa Mungu, ila ulikuwa unaondoka wenyewe katikati ya tukio, ndiyo maana mfu anaanza kumfukuza Rehema kwenye ukungu mzito na anamfikia jua linawaka. Binamu yangu Rehema alikuwa anatakiwa apige mayowe, akawa anacheka mpaka anapaliwa. Na damu ya nyanya ilivutia nyuki.

Halafu pale mzee Zefania alipotokea na jembe lake. Wewe umepakwa unga, meno ya viazi yamekutoka nje, mikono umeinyoosha mbele, unanguruma. Ukamwona. Ukashusha mikono, ukatoa meno, ukainama kidogo: "Shikamoo mzee." Na yeye, bila kushangaa hata kidogo, "Marahaba. Mgosi, angalieni kabichi zangu." Akapita. Ukarudisha meno, ukaendelea kunguruma.

Nilitaka kuikata sehemu ile. Tuligombana siku tatu. Nilisema filamu ya kutisha haiwezi kuwa na mfu mwenye adabu. Ukasema mama yako amekulea, hata ukifa huwezi kumpita mzee kimya, na nikiikata nitafute mfu mwingine. Nikaiacha kwa shingo upande. Ukweli ni kwamba nilikuwa naionea aibu muvi nzima. Watu walipokuwa wanairusha kwenye simu zao wakicheka, wewe ulikuwa unatembea kifua mbele sokoni, mimi najifungia steshenari nadurufu mitihani.

Basi, juzi mama alimtuma mtoto wa jirani. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Naomi aniletee hiyo picha. Nataka nikione kilichomuua mwanangu."

Nilifungua kompyuta. Sikufungua kwa nia nzuri, Yona, nilifungua nikate tukio la jeneza. Nilikuwa nimeshaweka alama mwanzo na mwisho, imebaki kubonyeza tu. Ningemwambia hakuna jeneza, watu wamezusha, na yeye angenishukuru. Nilikaa pale mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikafikiria mama atakavyoambiwa na mtu mwingine, kanisani au kisimani, "Hapana, lipo, mimi nimeliona kwenye simu ya mwanangu." Na atajua kwamba mimi nimemdanganya mara mbili. Nikafunga kompyuta kama ilivyo, nikaiweka kwenye begi, nikapanda kwenu.

Ilikuwa mchana. Mama alikuwa anachambua maharage sebuleni, kivuli cha pazia kimemwangukia. Nikamwamkia, nikaweka mashine juu ya stuli. Akavuta kitenge akajifunga vizuri mabegani, kama anayesubiri kusomewa hukumu. Nami nilikuwa nasubiri ya kwangu.

Picha ikaanza. Ukungu, mlio wa bundi ambao ni mimi. Kisha ukatokea wewe.

"Hayo si mabuti ya baba yake?" akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

"Na huo si unga wangu wa sembe? Nilimuuliza huyu mtoto unga umekwenda wapi, akaniambia panya!"

Ulipomfukuza Rehema aliacha kuchambua. Ulipomsalimia mzee Zefania akaweka mkono mdomoni, akabaki hivyo. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nami niliogopa kumtazama usoni, maana jeneza lilikuwa ndiyo linakuja.

Likaja. Lile jeneza la fundi Daudi, katikati ya kabichi, bei imeandikwa kwa chaki ubavuni kwa sababu tulisahau kuifuta. Kifuniko kikaanza kuinuka. Kamba ya katani inaonekana, nene, na kiwiko changu kinaonekana pembeni ninavyoivuta. Ukaketi. Ukafumbua macho ya kutisha. Ukapiga chafya, unga ukaruka kama tumepasua mfuko, na ukasema, kwa sauti ile ya kutoka kuzimu, "Samahani."

Mama alicheka, Yona. Tangu msiba sijamsikia hata akikohoa kwa nguvu, na alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani na maharage yakasambaa sakafuni. Akawa ananionyesha kwa kidole kwenye kioo, hawezi kusema. Alipopata pumzi akasema, "Hiki? Naomi, hiki ndicho wanachosema kilimuita kifo? Kifo gani kingemwamini huyu?"

Kisha kicheko kikageuka. Unajua kinavyogeuka. Nikashuka chini nikakaa miguuni pake kati ya maharage, tukalia wote wawili, na wewe pale kwenye stuli umeganda na unga kwenye kope.

Nilimwambia hapo. Nikasema, "Mama, ni mimi niliyemwambia alale."

Kuku aliingia, akala maharage, hakuna aliyemfukuza. Halafu mama akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mchafu, akasema, "Ungemtafutia lenye nafasi. Ona miguu ilivyomkunjamana."

Hayo tu, Yona. Mimi nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Sasa ndiyo naelewa kwa nini zile mbovu ulizipenda. Kama ningekuwa najua kazi, kama ningekuwa na taa na mtu wa kupaka rangi, mama yako jana angekuona mfu kweli, na angeyaamini yale maneno mpaka anaingia kaburini. Kutojua kwangu ndiko kulikomponya. Lakini ile hesabu yako ya utotoni haikuwa sahihi, rafiki yangu. Kifo chako hakikuvaa saa. Hakikuwa na zipu wala waya, sikukiona kikija, na hatukukiweza. Nimekasirika mno kwa hilo na sijui nimkasirikie nani.

Kabla sijaondoka mama akasema, "Rudisha pale anapoamka." Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Kila niliporudisha ulilala, kila nilipoachia uliketi. Mara ya nne au ya tano sikuwa naiona tena kamba, wala kile kiwiko. Nilikuwa naangalia kifuniko tu, kama mama, moyo unanidunda, kama kwamba safari hii kuna uwezekano usiamke, au uamke moja kwa moja.

Nakuahidi mambo mawili. Muvi haitakatwa hata kipande. Kuna kijana wa Muheza ananiambia anaweza kuisafisha, kuondoa kamba na kurekebisha sauti. Nimemwambia akasafishe za kwao. Na mtu yeyote akiniuliza tena nani alikulaza kwenye jeneza, sitanyamaza. Nitasema ni mimi, na kwamba uliamka unacheka, tukakaa juu ya kifuniko tukala viazi vya kuchemsha mpaka mvua ikatukimbiza. Jumapili baada ya ibada nitapanda tena kwa mama na mashine. Amesema wale waliokuwa wanamenya viazi msibani anawaalika wote.

Kwaheri, Yona. Ningekuwa na kamba ya kuvuta, hata mikono yangu ingechubuka yote, ningevuta.

Naomi