Hewa ya Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 9 Januari 2017
Siku ya kumi na moja tangu mwanangu azaliwe. Baridi thelathini na moja chini ya sifuri. Nikiwasha jiko, moshi. Nisipowasha, ataganda. Na mahema yote tunamoishi watu wa mlima huu yanachoma makaa ya mawe kama letu. Asubuhi sikuona hata uzio wetu. Anakohoa! Mtoto wa kilo mbili anakohoaje?

Alhamisi, 12 Januari
Daktari kasema mapafu hayajakomaa, alizaliwa kabla ya siku zake. Asivute moshi kabisa. Nikamwuliza, tuhamie wapi? Akainamia karatasi zake.
Wifi yangu Delgermaa, dada wa mume wangu Gantumur, anakaa ghorofa ya tisa mjini. Joto linatoka ukutani, na ana mashine ya kusafisha hewa. Hakujaliwa mtoto. Kapiga simu: "Nileteeni huyo mtoto mpaka baridi iishe. Au mnangoja mumzike?" Gantumur kasema dada yake ana mdomo, lakini hajakosea. Naogopa huku, naogopa kule.

Jumamosi, 14 Januari
Tumempeleka. Kabla ya kutoka nilimpaka masizi kwenye paji la uso, kama mama alivyotupaka sisi, mabaya yasimwone njiani. Wifi akamfuta palepale mlangoni. "Wewe nawe! Masizi ya kifuani hayamtoshi?" Tukacheka. Mimi nilicheka kwa aibu.
Alilala kwa saa tatu nzima bila kukohoa—saa tatu! Nikaondoka. Chumba cha wifi ni kimoja, na nyumbani nina kaka yake, Tuguldur, wa miaka mitatu.

Jumanne, 17 Januari
Nakwenda kumnyonyesha kila asubuhi, mabasi mawili. Leo nimemkuta na chupa mdomoni. "Ulichelewa, wifi. Nimwache alie?" Tena anamwita Anujin. Sisi hatujampa jina bado! Kaniambia nivue koti nje, ninawe, ndipo nimshike. Nanuka moshi. Ni kweli, nanuka. Nimelia ndani ya lifti.

Ijumaa, 20 Januari
Kikohozi kimerudi, na homa. Zahanati ya hapa chini, mtaani kwa wifi, inapokea waliosajiliwa mtaa huu tu, nasi ni watu wa mlimani. Ya kwetu foleni inaishia nje, kwenye baridi. Cheti cha kuzaliwa hatujachukua, hakuna karatasi inayosema mama ni nani. Kwenye ngazi wifi kaninong'oneza: "Tuseme ni wangu. Karatasi tu, wifi. Si damu yetu sote?" Nikamwuliza, na kuibadilisha hiyo karatasi baadaye? "Kwanza apone."
Tuko kwenye benchi la zahanati hii ya mtaani kwake. Wifi ndiye kampakata mtoto. Anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Naandika nisije nikapiga kelele.
Muuguzi katoa kichwa mlangoni: "Mama wa mtoto!"
Tumesimama wote wawili.
Katutazama, huyu, kisha huyu. "Jamani, mama ni nani? Niandike nani?"
Nimekaa, aseme yeye ndiye mama. Wifi hajaingia. Kageuka, ananitazama mimi, na muuguzi kashika kalamu—