Kuku Watoke Kwanza

Becky uko? Ploti yetu imechomeka saa hii.

Mtungi wa gesi wa Akeyo, yule jirani wangu wa chini, umelipuka. Moto ukafunga mlango wa mbele, sote tukakimbilia kile kiwanja cha ndani tunaanikia nguo. Ukuta pande zote. Kuna geti moja tu ya nyuma, na unajua vile landlady alifanya kichochoro chake boma ya kuku akaweka kufuli.

Akakuja kwa nje na funguo. Nikasema Mungu ako.

Becky, alifungua kidogo tu, akasimama hapo katikati, akatuambia, "Ngojeni kwanza, mtanikanyagia kuku."

KUKU!!

Tunakohoa moshi, Akeyo tumemlaza chini ngozi inambanduka, na huyu mama anatoa kuku mmoja mmoja. Ati "ngojeni kwanza." Wamalwa, mpangaji mwenzetu, ndiye alimsukuma, ndio tukatoka.

Akeyo amefia hapa kando ya barabara, tukingoja ambulensi. Tumemfunika na leso yangu.

Landlady amekuja akasimama karibu naye. Nikajua anataka kuomba msamaha.

Ameuliza ni nani alikanyaga jogoo.