Waambie Kabla Hamjapanda Ndege

Mjukuu wangu Skola,

Huku Katandala tupo, baridi imeshika na mahindi yote yameshaingia ndani. Babu yako bado anapumua, ila hasemi tena wala hamtambui mtu.

Umeniuliza uwafungashie nini wanao. Sweta zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana upepo wa hapa utawapokea mlangoni mwa ndege. Pipi wanyonye wakati wa kushuka, masikio yasiwaume. Lakini hilo la kuwaambia babu anawasubiri wacheze naye, ili watulie safarini, mimi silitaki.

Nilipokuwa mdogo kama wao, mama alinipeleka Kasense kwa bibi yangu. Njia nzima aliniambia bibi ananisubiri kwa hamu. Nikafika mbio, nikaingia chumbani: "Shikamoo bibi." Akatazama paa tu. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikarudia tena, mpaka mama akanishika mkono akanitoa nje. Hakuna aliyenieleza kwamba bibi alikuwa ameshakata kauli. Tukamzika wiki hiyohiyo, na mimi nikakua nikiamini amekufa amenikasirikia.

Kwa hiyo waambie ukweli wangali huko, na kama ni kulia, walie nyumbani kwenu. Wakifika, waingie wamsalimie babu kama kawaida. Yeye hataitika. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni ya kitanda, nitawaitikia marahaba.

Bibi yako,
Perpetua