Waliomchukua Baba

Mugango, Jumapili

Kaka Renatus,

Dagaa zinakauka vizuri. Juzi mwandishi wa redio alitoka Musoma kuulizia watu wa angani waliomchukua baba. Nikamzungusha kwa mashahidi. Mzee Baltazari aliambiwa na Eufrasia, Eufrasia aliambiwa na mimi. Na mimi je? Nikakumbuka baba alipopotea ziwani, mimi bado mdogo, tulivyokuwaga tunakaa ufukweni, nalia, ukanionyesha taa za wavuvi pale ziwa linapogusana na mbingu: "Wale ndio wako naye."

Mwandishi nikamwambia sikumbuki nilisikia wapi.

Alipoondoka, mama akaacha kuchambua dagaa. "Mtumbwi wake ulirudi mtupu, nilijua amezama," alisema. "Nilimwacha Renatus aseme, maana siku hiyo ndipo ulipopata usingizi tena."

Njoo umsalimie mama.

Mdogo wako,
Nyangi