Mkono wa Meku Begani kwa Mkewe

Moshi,
Jumapili ya Tatu ya Kwaresima

Dada yangu Benedikta,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wa mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa padre aliyekuwa anasafiri kuja Mbinga ilifika, au bado iko kwenye begi lake? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba Edita anakwenda kiwandani kwenye miwa kila siku, kikohozi kimempungua. Edita anasoma. Mimi mwili hauna neno, ila moyo unachemka. Nimetoka misa ya kwanza, hata chai sijabandika, nimekaa mezani nikuandikie, maana nisipokwambia wewe nitapasuka.

Unajua kwamba ofisini nilitolewa kwenye taipu nikawekwa kwenye kompyuta. Ofisi yetu inapeleka mabomba ya maji vijijini huko juu Kibosho, na kila baada ya miezi mitatu tunatuma ripoti kwa wafadhili Ulaya. Zamani picha tulizibandika kwa gundi kwenye karatasi. Siku hizi zinapigwa na kamera isiyo na filamu, zinaingia kwenye kompyuta na kwenda kwa laini ya simu. Sasa picha ikitoka kwenye kamera ni nzito. Ukiituma ilivyo, laini inaisukuma nusu saa, halafu inakatika na unaanza upya. Kwa hiyo kazi yangu ni kuzipunguza. Nakata pembeni pasipo na maana, naishusha ukubwa taratibu sura isije ikaharibika, naangaza nyuso, maana jua la huku likiwa kali kamera inatufanya wote kama sufuria za kuni, yanaonekana meno tu. Mimi wa darasa la saba, dada, niliipenda kazi hii. Nilikuwa nikimaliza uso wa mtu ukaonekana vizuri, namshukuru Mungu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kwanza tulipanda na gari la ofisi kwenda kupiga picha za bomba jipya. Watu walikuwa wamepewa taarifa, na watu wa huku wakisikia picha, wanavaa. Si kujionyesha, ni heshima, kama sisi tunavyovaa Pasaka. Walikuwepo wazee wawili, Meku Gaudensi na mkewe Bibi Apolonia. Meku ndivyo huku wanavyomwita mzee wa kiume. Alivaa koti la suti na kofia. Bibi alivaa kitenge kipya cha maua mekundu na viatu vyeusi alivyoazima kwa binti yake, vinambana mpaka anachechemea. Wakasimama mbele ya bomba, Meku akamwekea mkewe mkono begani.

"Toa mkono, watu wanaangalia," bibi akamwambia.

"Acha waangalie. Nilipeleka mbuzi kwenu na pombe ya mbege, sikukuokota."

Tulicheka wote. Baadaye bibi akanishika mkono akanivuta kando. "Mwanangu, sisi tulifunga ndoa kanisani bila picha. Mpiga picha tulimngoja mpaka jua likazama, hakuja. Hii utatuletea?" Nikamwambia, "Nitakuletea bibi, Mungu akipenda." Nilimtaja Mungu, dada. Mbele ya watu.

Tukarudi mjini. Nilipoifungua ile picha, bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hawa mbona wamependeza hivi? Mfadhili akiona suti na viatu si atasema hawana shida?"

"Lakini ndivyo walivyokuwa, bosi."

"Mama Edita, hii ni ripoti, siyo albamu ya harusi. Kata viatu. Na huyo mzee mtoe. Bibi akiwa peke yake ndiyo inagusa."

Nikakata. Miguu ikaondoka, Meku akaondoka na koti lake. Ila mkono ulibaki! Vidole vinne juu ya bega la bibi, havina mwenyewe. Bosi akasema futa. Basi nikachukua maua ya kitenge kwenye mkono wa gauni lake, nikayanakili na kuyabandika juu ya vidole, kidole kimoja kimoja. Ilinichukua asubuhi nzima. Na Mungu anisamehe, nilipomaliza nilifurahi, maana hakuna ambaye angejua. Nikaipunguza, nikaihifadhi palepale juu ya ile ya kwanza, kama nilivyozoea kufanya ili kompyuta isijae. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa kwa safari nyingine. Ndiyo kusema ile picha ya wawili haipo tena popote. Hilo ni kosa langu mimi, silitupi kwa mtu.

Lakini ngoja. Ripoti ni ya Kiingereza, na chini ya picha bosi aliandika maneno yake. Imeshatumwa, nakala zimeshachapwa, ndipo nikafungua kamusi kutafuta neno moja nisilolijua. Mjane. "Mjane Apolonia sasa anapata maji." Mjane! Na mume yuko kihambani, shambani kwake nyumbani, anapunguzia migomba majani!

Nikamfuata. "Bosi, yule bibi ana mume."

Akacheka. "Nani atatoka Ulaya kuja kuhesabu waume Kibosho?"

Dada, tangu siku hiyo sijatulia. Nani aliwaambia kwamba mwenye shida lazima awe peku, tena peke yake, tena analia? Mwenye koti haoni kiu? Yule bibi ameteka maji mferejini miaka yote na mume anaye na kitenge anacho. Bomba lilikuwa pale, maji yanatoka, hiyo peke yake ilikuwa habari njema ya kutosha. Kwa nini kumwua mzee wa watu? Mtu anakwenda kuazima viatu ili akuheshimu wewe mgeni, wewe unakwenda kumvua mbele ya mataifa! Na mimi ndiye niliyemvua.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikapanda Kibosho peke yangu. Jirani yetu hapa mjini aliniambia nisiende mikono mitupu, nichukue jani la isale, mti wanaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hakufukuzi mpaka akusikilize. Mimi nikadhani mengi ndiyo heshima zaidi, nikakata tawi zima. Bibi akaniona natokea njiani nalo begani.

"Chasaka wewe!" akasema. Ndivyo wanavyotuita sisi tusio Wachaga. "Umeleta isale au umeleta kuni? Jani moja linatosha. Au kosa lenyewe ni kubwa hivyo?"

"Ni kubwa, bibi," nikamwambia, nikapiga magoti nikaeleza yote. Nikawapa na ule ukurasa wa ripoti wenye picha. Meku aliushika mbali na macho, akautazama.

"Aisee. Kwa hiyo mimi ni marehemu."

"Nisamehe, Meku."

"Na hakuna aliyeleta hata mkungu wa ndizi msibani?"

Yeye alicheka. Bibi hakucheka. Aliuchukua ukurasa akauweka magotini, akaunyoosha kwa kiganja. Kisha akasema, "Nimezaa na huyu, nimezika naye watoto wawili. Leo kumbe kuna watu wananionea huruma kwamba sina mtu." Akachukua jani moja kwenye lile tawi langu. "Hili nimelipokea. Nimekusamehe. Lakini walioambiwa uongo siyo mimi. Nenda kawaambie wao."

Nikasema nitawatafutia mpiga picha wa mjini aje awapige upya, tena kwa gharama yangu. Meku akajibu, "Tutapiga. Ila kwanza nifufuke huko Ulaya."

Nikaandika barua, dada. Sista mmoja wa parokia alinisaidia Kiingereza, mistari michache tu: bibi huyu si mjane, mume wake yu hai, anaitwa Gaudensi, nilimtoa kwenye picha mimi kwa kuambiwa. Jumatano nikaituma kule kule tunakotuma ripoti. Ijumaa jibu likaja. Wanashukuru. Na wanaomba kuona picha zote za mwaka mzima kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hazijaguswa.

Bosi aliniita akafunga mlango. "Umenichinja, Mama Edita." Kisha akapoa, akavuta kiti karibu. "Tusaidiane. Jumatatu saa tatu watapiga simu, watataka kuongea na wewe. Waambie kompyuta iliingia virusi, picha za kamera zimefutika. Huo siyo uongo, si kweli zimefutika?"

"Zimefutika kwa mkono wangu, bosi."

"Ukisema hivyo, hiyo meza si yako tena."

Umesikia hiyo? Anachukua kaukweli kadogo anakafungia uongo mkubwa ndani, halafu anataka nikabebe mimi! Na anajua tunavyohangaika huku ugenini. Nilimwambia Baba Edita nikidhani atanikemea. Alikuwa anavua buti zake, hata kichwa hakuinua. "Sema," akaniambia. "Tulikula kabla ya kompyuta."

Kwa hiyo kesho saa tatu nitasema. Sina picha za kuwaonyesha, lakini kichwani ninazo. Nitawaambia habari ya yule mama ambaye redio yake niliitoa dirishani pichani. Nitawaambia habari ya wale watoto niliowakatia sweta za shule zikabaki nyuso. Nyumba ya bati niliyoifanya isionekane. Nitazitaja zote ninazokumbuka, na nitaanza na Meku.

Msalimie sana mama, ila habari ya kazi usimwambie kwanza, atakosa usingizi bure. Msalimie shemeji, mumeo, na mama yangu wa ubatizo. Msalimie na katekista wetu mzee aliyetukaririsha amri, umwambie ya nane, ile ya usiseme uongo, nimeivunja nikiwa nimekaa kitini, kwa kubonyeza vitufe, na sasa nakwenda kuitengeneza nikiweza. Edita anawaamkia wote, shikamooni.

Kesho asubuhi ukiwa shambani, ukiona jua limefika usawa wa saa tatu, simamisha jembe unisalie Salamu Maria moja.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika, Mama Edita