Skrini Nyeusi ya Pili

Ndugu yangu, anza kuniandikia tanzia, maana ni wewe tu unayeweza kunisifia bila kucheka.

Unaikumbuka ile skrini nyeusi ya bandia niliyomwekea Shangazi likizo iliyopita, akalia mpaka pua ikavimba? Leo imetokea ya kweli. YA KWELI.

Asubuhi aliniomba nimpandishie ule mfumo huria, ule wa bure unaoendesha kompyuta yake, uwe toleo jipya. Akauliza, "Umehifadhi nakala ya kazi zangu?" Nikajibu, "Ndiyo, Shangazi," kwa sauti ile ya kumjibu mwalimu wa zamu. Sikuwa nimehifadhi hata herufi.

Ilipofika asilimia sitini na moja, nikachomoa waya wa umeme wa kompyuta ili nichaji simu. Nilisahau kwamba betri yake ilikufa zamani. Simu yenyewe ndiyo hii ninayotumia kukuandikia.

Sasa kompyuta ikiwaka inasema haioni diski, kisha skrini inakuwa nyeusi.

Nimemwambia. Nimemwapia. Anacheka! "Safari hii hunipati, mwanangu. Maliza mchezo wako, wageni wanakuja saa kumi."

Wageni ni wale ndugu wawili wanaogombea shamba. Shangazi ndiye mpima ardhi wao, na ramani ya mpaka imo kwenye kompyuta hiyo tu.

Wameshafika. Wamekaa sebuleni, hawasalimiani. Mmoja ana panga, eti ametokea shambani moja kwa moja.

"Fundi, lete ramani!" Shangazi ananiita, bado anacheka.

Amekuja. Amebonyeza kitufe cha kuwasha mwenyewe. Amebonyeza tena.

Ndugu yangu, ameacha kucheka.