Bi Bahiya, Mwomba Moto wa Temeke

Ni mwaka mmoja sasa, wifi yangu Bahiya binti Nasser, tangu asubuhi ile ambayo hukuja kunigongea mlango kuomba kaa la moto. Nilingoja nikipepea jiko langu, nikasema, leo bahili kanunua kiberiti. Kumbe umetutoka.

Alipofariki mumeo, kaka yangu, alikuachia nyumba ya vyumba sita hapa Temeke. Watu wakajua utapangisha makarani. Wewe ukaweka vizee wasiotaka kulelewa na vijana wasio na wa kuwalea. Vizee vyumba vya mbele, vijana vya uani. Mie ndiye wa kwanza, nimemkimbia mkwe wangu aliyekuwa akinikatia nyama vipande vipande kama mtoto anayeota meno. Akafuata Bi Genoveva wa Bukoba, na rozari yake na mdomo wake. Kisha Chausiku, yatima aliyekuwa akilala sokoni, na Adelard, aliyetelekezwa na mjomba wake huko Kurasini.

Chausiku ulimfundisha kushona kofia, na leo anakula kwa sindano yake. Adelard ulimpeleka kwa fundi seremala, ukakaa mlangoni mpaka fundi akachoka kukutazama, akamkubali.

Sharti lako lilikuwa kila mtu na ufunguo wake, chungu chake na jiko lake. Hakuna kumuuliza mwenzio kala nini wala anaumwa nini. Sisi vizee tulilipenda sharti hilo. Tulikuwa tumeshaulizwa vya kutosha makwetu.

Ila kulipokucha tu, unakuja na kigae chako cha chungu, mlango kwa mlango.

"Hodi jamani, moto wangu umezimika."

"Kila siku unazimika? Wifi, unapika au unaumwagia maji?"

"Nipe kaa, Mwanaasha, acha maneno."

Bi Genoveva alikuwa akicheka mpaka anakohoa: "Mwanawe ana duka Kariakoo, mama hana kiberiti!" Mie nikaitangaza habari hiyo hadi Mbagala, na wala sijutii, ilikuwa tamu mno.

Baada ya arobaini yako, mwanao Awadh alitukusanya uani.

"Shangazi, mama ndiye aliyekuwa na jicho na nyumba hii. Sasa nani atawatazama? Siku moja nitaitwa nikute mtu kafia ndani na hakuna aliyejua. Mwaka ukiisha, kila mmoja atafute pa kwenda. Wewe utakaa kwangu."

"Mkeo anakata nyama?" nikamuuliza. Hakuelewa. Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Mwaka mzima tumeishi kama watu wanaokalia mikeka ya kuazima.

Jana alikuja kwa ajili ya hitima yako. Akavuta kasha lako mvunguni ili tugawane kanga. Chini ya kanga, wifi, viberiti! Vimejaa, vingine havijawahi kufunguliwa. Awadh akatikisa kimoja, akatutazama.

"Sasa mama alikuwa anaomba nini?"

Bi Genoveva akakaa chini. "Siku ile nina homa, alipiga hodi sikuitika. Akaingia, akanikuta sijiwezi. Mimi nikadhani kafuata moto."

"Na mie," akasema Chausiku, "siku nilipokosa cha kupika, alikuta jiko langu baridi. Mchana akaniletea uji, ati umemzidi."

Wote wakanigeukia mie. Nami miaka yote nikijiona ninakufadhili makaa, kumbe nilikuwa nachunguliwa kama wenzangu! Umeniweza, wifi.

Usiku Awadh hakurudi kwake. Alilala chumbani mwako.

Leo kulipokucha, hodi mlangoni. Nikafungua. Amesimama na kigae chako, haya zimemjaa.

"Shikamoo, shangazi. Moto wangu umezimika."

"Marahaba. Baba mzima, mvuta sigara, huna kiberiti?"

"Sina," akasema, na mfukoni mwa shati kinalia chakacha-chakacha.

Nikampa kaa kubwa kuliko yote. Akaenda kwa Bi Genoveva, akazunguka uani kwa vijana, kisha kigae akamkabidhi Chausiku. "Kuanzia kesho ni wewe," akamwambia. "Hakuna anayehama."

Lakini bado nina swali, wifi, nalo litanisumbua mpaka tuonane. Kila ulipokuja chai yako ulikuwa umeshakunywa, nilikuwa nainusa tangawizi. Sasa hayo makaa yetu ulikuwa unayapeleka wapi?

Unakumbukwa na mwanao Awadh, mkaza mwanao Badriya, wifi yako Mwanaasha, na watu wako wa nyumbani: Bi Genoveva, Chausiku na Adelard. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema peponi.

Daima tutakukumbuka, kila asubuhi tutakapoombwa moto na mwenye kiberiti.